Ziwa Ngosi lipewe njia nzuri kabla ya hoteli

Barabara ya kutoka Uyole kwenda Tukuyu hupanda kwanza ndipo ishuke. Huko juu, katika ukanda wa Uporoto, malori ya Malawi hupunguza mwendo, vioo vya daladala hushika ukungu, na kandokando ya lami kina mama wamepanga ndoo za viazi zilizojazwa hadi kupita ukingo. Hapo ndipo Isongole. Abiria hufungua kioo, hupatana bei, hupokea viazi vyake na kufunga kioo haraka kwa sababu ya baridi. Gari linaondoka. Kilomita chache tu magharibi ya ndoo zile, nyuma ya mashamba na msitu, liko ziwa lililojaa ndani ya mlima, na wengi wa abiria hao watazeeka wakipita hapo bila kuliona.

Ziwa Ngosi limekaa katika kaldera, yaani shimo kubwa linalobaki pale volkano inapolipuka na kilele chake kudidimia. Shimo lenyewe lina upana wa kilomita tatu hivi. Ziwa lina urefu wa takribani kilomita mbili na nusu, na uso wa maji uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hakuna mto unaotoka humo. Kuta zake zimesimama wima na zimevaa msitu kuanzia ukingoni hadi majini, na sehemu ya juu kabisa ya ukingo hufika mita 2,600 na ushei.

Vipeperushi na mitandao ya kijamii hupenda kuliita ziwa la pili kwa ukubwa Afrika kati ya maziwa ya kreta. Sifa hiyo imerudiwa mpaka imezoeleka, lakini haina mguu wa kusimamia. Ziwa Shala la Ethiopia nalo limo katika kaldera, na eneo lake linazidi kilomita za mraba 300. Barombi Mbo la Kamerun nalo haliwezi kukaa kimya. Ngosi halipungukiwi kitu kwa kukosa medali. Anayefika pale hafiki kupima.

Anafika kutembea, na hilo ndilo jambo linalosahaulika kila utalii wa nyanda za juu kusini unapojadiliwa. Mazungumzo huanzia kwenye lami, hupitia kwenye hoteli na huishia kwenye mwekezaji. Watu hutaka gari lifike ukingoni, mtu ashuke, apige picha, apande. Hapa ndipo mwandishi wa makala haya anapotofautiana nao. Kwa Ngosi, ile saa moja ya mguu ndani ya msitu ndiyo bidhaa. Ukiiondoa, unabaki na picha ambayo kila mtu anayo tayari kwenye simu.

Safari yenyewe huanza kwa bodaboda kutoka barabara kuu. Njia ya vumbi, au ya tope kutegemea mwezi, hupita katikati ya mashamba ya viazi, na watoto wakitoka shule husalimia kwa Kiswahili na kucheka mgeni akijaribu "ugonile" ya Kinyakyusa. Mashamba yanapoishia, msitu unaanza palepale bila utangulizi. Jua linapungua, ubaridi unashuka mabegani. Mianzi imeinama juu ya njia, migomba pori imetandaza majani mapana kama miavuli iliyosahauliwa wazi, na kulukulu husikika muda mrefu kabla hajaonekana, kama anaonekana kabisa. Kijana mwongozaji hukata mwanzi, huuchonga ncha kwa panga na kumkabidhi mgeni. Dakika kumi baadaye mgeni anaelewa kwa nini. Mteremko ni udongo mwekundu uliolowa, mizizi imetokeza kama mishipa ya mkono wa mzee, na raba za bei mbaya kutoka mjini zinateleza huku kijana akipanda na yeboyebo zake bila hata kugeuka.

Halafu msitu unakatika ghafla. Chini, mamia ya mita chini, ziwa linaonekana lote kwa mara moja. Rangi yake hubadilika kwa kadiri wingu linavyopita: kijani, buluu, kijivu cha bati. Wenye simu hugeuza vichwa wakitafuta ile ramani ya Afrika ambayo wenyeji husema ziwa limeichora. Siku nyingine hakuna ramani wala ziwa, ukungu umelala ndani ya shimo kama uji mzito, na inabidi kukaa na kungoja. Wanaongoja kwa kawaida hulipwa. Wanaoondoka baada ya dakika tano hurudi mjini wakilalamika.

Katika kungoja huko ndiko hadithi zinakozaliwa. Wazee husimulia habari za joka linaloishi majini. Ipo pia simulizi kwamba ziwa halikuwa hapo tangu mwanzo, bali lilihamia likitokea kwingine, baada ya watu kulifukuza kwa mawe yaliyochomwa moto. Mwanajiolojia atatabasamu akisikia mawe ya moto na maji yanayohama juu ya volkano, kwa maana masimulizi hayo hayako mbali sana na yale ambayo miamba inayasema. Mlipuko mkubwa wa Ngosi, uliomwaga mawe mepesi ya povu katika eneo pana la kusini mwa Tanzania, unakadiriwa kutokea miaka kama 12,000 iliyopita. Hiyo ni jana, kwa kalenda ya milima.

Na mlima haujalala fofofo. Chini ya ardhi ya Rungwe kuna joto na kuna gesi. Hewa ukaa hupanda kupitia nyufa za miamba, nyingine ikiingia kwenye maji ya Ngosi, nyingine ikitokea mabondeni. Upande wa Tukuyu, kampuni ya TOL huivuna gesi hiyo kutoka ardhini na kuiuza, na miongoni mwa wanunuzi ni viwanda vya vinywaji. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kuwa amekaa barazani Dar es Salaam akinywa soda yenye mapovu ya volkano ya Rungwe bila habari. Mwongozaji mwenye simulizi hii mkononi hahitaji kumwambia mgeni kwamba ziwa ni la ngapi Afrika.

Tatizo liko kwenye njia. Waliotembelea Ngosi husimulia mambo mawili kwa pamoja: uzuri wa ziwa, na jinsi walivyoanguka njiani. Kushuka kutoka ukingoni hadi majini ni shughuli nyingine kabisa. Ukuta ni mkali, mtu hushuka akishikilia mizizi, na kurudi juu ni kupanda kwa mikono kama anayepanda darini bila ngazi. Vijana wenye nguvu huona raha. Mama wa miaka 60 aliyetoka Iringa na wajukuu, au mwalimu mwenye wanafunzi 40 wa kidato cha pili, hana raha hiyo. Ana hofu, na ana haki ya kuwa nayo.

Kinachotakiwa ni kidogo kiasi cha kuaibisha. Ngazi za magogo na mawe mahali penye utelezi. Mifereji midogo ya kutoa maji njiani ili mvua isiigeuze njia kuwa mto. Kamba imara au kishikio sehemu tatu nne za hatari. Benchi ukingoni na uzio mfupi, kwa sababu anayepiga picha hurudi nyuma bila kutazama. Choo safi pale msitu unapoanza. Kibao kinachoeleza kwa Kiswahili ziwa lilivyotokea. Orodha hii yote haifiki thamani ya jengo moja la ofisi, na sehemu kubwa ya kazi inafanywa na watu walioko palepale, kwa miti na mawe yaliyoko palepale.

Barabara ya gari hadi ukingoni ingefanya kinyume. Kwanza ingekata msitu, na msitu huo ni hifadhi inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Pili, na hili huwa halisemwi, ingeua mapato ya kijiji. Mgeni anayetembea humhitaji mwongozaji, hupata njaa, hunywa chai, hununua viazi vya kuchemsha, hukodi bodaboda kwenda na kurudi. Mgeni anayeletwa na Coaster mpaka ukingoni hukaa nusu saa, huacha chupa ya maji ya plastiki, na kijiji kinabaki na vumbi. Wanaotetea barabara husema wazee na walemavu nao wana haki ya kuliona ziwa. Hoja hiyo ina uzito, na jibu lake ni kuitengeneza vizuri barabara iliyopo hadi mwisho wa mashamba, kisha njia ya miguu iwe na mwinuko wa taratibu unaozunguka badala ya kukwea moja kwa moja. Machela na watu wanne hodari wakamilishe kilichobaki; milima mingine duniani hufanya hivyo na hakuna anayecheka.

Mifano ya jirani ipo. Ziwa Bunyonyi, kule Kabale nchini Uganda, liko mita zaidi ya 1,900 juu ya usawa wa bahari. Lilizaliwa baada ya lava kuziba bonde, na lina visiwa 29. Waganda wamelithamini kiasi cha kuliweka kwenye noti yao ya shilingi 5,000. Kilicholijengea jina ni mitumbwi ya kuchonga inayopigwa kasia na wenyeji, kambi ndogondogo za mahema kando ya maji, na njia za kutembea vilimani. Mgeni hulala kwenye kibanda cha nyasi, asubuhi hupelekwa visiwani na kijana wa kijiji, na fedha humalizikia huko huko. Ngosi haliwezi kuiga mitumbwi, kuta zake hazitoi nafasi. Linaweza kuiga kanuni: mwenyeji awe mbele, mradi mkubwa ungoje nyuma.

Nyumbani nako kuna Empakaai, kreta yenye ziwa ndani ya eneo la Ngorongoro. Gari huishia ukingoni, wageni hushuka kwa miguu wakiongozwa na askari wa wanyamapori, maana nyati hawana urafiki, na hupanda tena wakihema. Watalii kutoka Ulaya hulipa fedha nyingi kwa ajili ya kuhema huko. Umbo la Ngosi linafanana na hilo, pengine na msitu mzito zaidi, na Mtanzania wa Mbeya mjini anaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo.

Suala la nani aende ndilo linalostahili kugombaniwa zaidi. Takwimu za serikali za mwaka 2024 zilionyesha watalii wa kimataifa zaidi ya milioni 2.1, na watalii wa ndani zaidi ya milioni 3.2. Wa ndani wamewapita wageni. Hata hivyo vipeperushi vingi bado vinaandikwa kana kwamba msomaji anatokea Frankfurt. Ile fedha kubwa ya mradi wa REGROW, dola milioni 150 zilizoidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2017 kwa ajili ya utalii wa kusini, ililenga Ruaha, Mikumi, Udzungwa na ile hifadhi ambayo leo inaitwa Nyerere. Milima ya Rungwe haikuwa kwenye orodha. Pengine ilikuwa heri. Milima hii haina simba wa kumwonyesha mgeni kupitia dirisha la gari, na haifai kuuzwa kwa namna ya mbuga.

Kinachoiuza ni kwamba yote yako karibu. Anayelala Tukuyu baada ya Ngosi anaamka kesho na kwenda Kiwira kuona Daraja la Mungu, ambapo lava ya kale imeacha tao la mwamba juu ya mto na watu huvuka juu yake. Mto huohuo una Kijungu, mahali ambapo maji hujitumbukiza katika shimo la mwamba lenye umbo la chungu, yakazunguka na kupotea kwa kelele. Kuna maporomoko ya Kaporogwe, yenye pango nyuma ya pazia la maji. Kuna Ziwa Masoko, dogo na la mviringo, lenye boma la Wajerumani kando yake na habari zisizoisha za sarafu za kikoloni zilizozama. Wanasayansi walilipenda Masoko kwa sababu nyingine. Walichimbua tope la sakafu yake na kusoma ndani yake historia ya hali ya hewa ya zaidi ya miaka 40,000.

Juu ya yote hayo amesimama Rungwe mwenyewe, mita 2,960 hivi, na ng'ambo ya pili Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005, ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu kwa maua yake. Kitulo huchanua wakati wa mvua, hasa kuanzia Desemba hadi Aprili, ambao ndio wakati mbaya kabisa wa kupanda Ngosi. Mtu achague: maua na tope, au kiangazi na ziwa. Juni na Julai njia hukauka, ila baridi ya Uporoto miezi hiyo si ya mchezo, na anayekwenda na shati la mikono mifupi atakuwa amejitakia.

Misitu ya milima hii ndiyo iliyowapa wanasayansi fadhaa mwanzoni mwa karne hii. Watafiti wa shirika la uhifadhi la WCS walikuwa wakizungumza na wawindaji wa Kinyakyusa, na wawindaji wakawa wanamtaja mnyama anayeitwa kipunji. Watafiti hawakuwa na uhakika kama ni mnyama wa kweli au wa hadithi. Mwaka 2003 wakamwona katika misitu ya Rungwe. Mwaka 2005 akatangazwa katika jarida la Science kuwa spishi mpya ya tumbili, na mwaka uliofuata akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya tumbili wa Afrika tangu 1923. Hesabu ya mwaka 2008 ilitaja kipunji 1,117 tu. Ya baadaye ilikaribia 2,000, ishara kwamba ulinzi umezaa kitu. Kwa wawindaji hakukuwa na jipya. Walikuwa wakimfahamu kwa jina, kwa sauti na kwa tabia yake ya kuvamia mahindi, na hakuna aliyewahi kuwauliza.

Watoto wa wawindaji hao ndio wanaopaswa kuwa waongozaji. Wapewe mafunzo ya wiki mbili tatu: huduma ya kwanza, majina ya miti na ndege, historia ya volkano, namna ya kumsaidia mtu aliyeishiwa pumzi. Chuo cha Misitu Olmotonyi kina walimu wa kutosha kufanya kazi hiyo. Kisha wapewe vitambulisho, bei ziandikwe kwenye kibao, na mgeni asilazimike kupatana na vijana saba wanaovuta begi lake mara tu anaposhuka kwenye gari. Uzoefu wa kugombaniwa humfukuza mtalii wa ndani kuliko utelezi wowote.

Liko jambo moja ambalo halitasubiri. Kampuni ya Uendelezaji Jotoardhi Tanzania, TGDC, inautazama mlima wa Ngosi kama chanzo cha umeme wa joto la ardhini, na utafiti umefanyika hapo kwa miaka kadhaa. Umeme huo ni habari njema, kwani hautegemei mvua za mabwawa. Lakini mitambo ya kuchoronga haibebwi kichwani. Inahitaji barabara, uwanja wa kufanyia kazi na maji. Ikiwa wahandisi watapanga peke yao, njia zao zitapita popote panapowafaa wao. Wakikaa mezani na watu wa misitu na wa kijiji mapema, barabara ileile ya mitambo inaweza kuishia mahali panapofaa kuwa kituo cha wageni, na upande wa ukingo unaotazama ziwa ukabaki na msitu wake.

Mvua za Rungwe ni miongoni mwa nyingi kuliko zote nchini, na kwa kawaida hupungua mwishoni mwa Mei. Kuanzia hapo kuna miezi minne mitano ya ardhi kavu. TFS, halmashauri za Rungwe na Mbeya na serikali za vijiji vinavyoizunguka Ngosi wakutane kabla ya hapo wakiwa na mchoro wa njia, wajue magogo yanatoka wapi na nani atalipwa kwa siku, na kazi ianze Juni kwenye kile kipande cha mteremko ambako kila mgeni huanguka.